Ufasaha na Ucheshi wa Wanawake katika Fasihi ya Kiarabu ya Zama za Kati

1. Utangulizi

Wanafunzi wa theolojia wanapoanza kujifunza historia ya Uislamu, majina wanayokutana nayo kwanza ni ya makhalifa, majemadari, wanasheria na wanafalsafa. Wanawake hutajwa kwa uchache, nao wakitajwa huwa ni wake, mama au mabinti wa watu mashuhuri. Kwa sababu hiyo wengi wetu tumebaki na picha ya kwamba katika jamii ya Kiarabu ya Zama za Kati mwanamke alikuwa mtu wa kunyamaza nyuma ya pazia. Picha hiyo si uongo mtupu, maana ni kweli kwamba sheria na desturi zilimwekea mwanamke mipaka mingi. Hata hivyo vitabu vya Waarabu wenyewe vimejaa sauti za wanawake wanaohutubia, wanaoshtaki, wanaobishana na wanaochekesha. Na sauti hizo zilihifadhiwa kwa makusudi, zikanakiliwa na kusomwa kizazi baada ya kizazi.

Makala hii inakusudia kuwaeleza wasomaji wetu habari za sauti hizo. Kwanza tutataja vitabu vilivyozihifadhi. Kisha tutasimulia mifano kadhaa kwa kirefu, kwa kuwa jambo hili halieleweki pasipo mifano. Baada ya hapo tutauliza kama maneno hayo ni ya wanawake wenyewe, na mwisho tutasema machache kuhusu faida ya somo hili kwetu. Hoja yetu ni kwamba katika masimulizi haya ufasaha ni njia ya mtu asiye na cheo kumfikishia mwenye cheo neno la haki, na kwamba kipimo cha ufasaha huo ni swali hili: neno hilo limesemwa kwa faida ya nani?

Msomaji wa Kiswahili anaingia katika somo hili akiwa na ufunguo mkononi. Maneno fasaha, jawabu, hoja, mzaha na adabu yametufikia kutoka Kiarabu. Kwetu sisi adabu ni mwenendo mwema. Katika Kiarabu cha Zama za Kati neno hilo lilikuwa na maana hiyo, na pia lilikuwa jina la fasihi yote ya mtu aliyeelimika: hadithi, mashairi, methali, hotuba na majibu ya werevu. Neno lingine, balagha, ambalo ndilo jina la elimu ya ufasaha, linatokana na mzizi wenye maana ya kufika. Kutoka mzizi huo huo tumepata kitenzi kubalehe, yaani kufikia utu uzima. Basi kwa Waarabu neno fasaha ni neno lililofika. Hatuna budi kulikumbuka jambo hili katika yote yanayofuata.

2. Vitabu na Watungaji Wake

Kitabu kilicho muhimu kuliko vyote kwa somo letu ni Balaghat al-nisa, maana yake Ufasaha wa Wanawake. Mtungaji wake, Ahmad ibn Abi Tahir Tayfur, aliishi Baghdad na kufariki mwaka 893 B.K. Alianza kazi akiwa mwalimu wa watoto, kisha akaishi miongoni mwa wauza vitabu na wanakili. Kitabu hiki kilikuwa sehemu moja tu ya mkusanyo mkubwa wa nathari na ushairi ambao sehemu zake nyingi zimepotea. Kilipigwa chapa Cairo mwaka 1908. Ndani yake zimo hotuba zinazotajwa kuwa za Aisha, mjane wa Mtume Muhammad, za Fatima binti yake, na za mjukuu wake Zainab, ambaye baada ya mauaji ya Karbala ya mwaka 680 alisimama akiwa mateka mbele ya Khalifa Yazid na kumkemea. Zimo pia habari za wanawake waliofika mbele ya Khalifa Muawiya, maneno ya wanawake wakiwasifu au kuwalaumu waume zao, majibu ya mkato, na mashairi.

Ibn Abi Tahir hakuwa peke yake. Kabla yake, al-Jahiz wa Basra, aliyefariki mwaka 868 au 869, alikwisha kuandika masimulizi mengi ya kuchekesha ambamo wanawake wana nafasi yao. Huko Cordoba katika Hispania, Ibn Abd Rabbih (860–940) aliziandika tena habari za wanawake waliofika kwa Muawiya katika kitabu chake kikubwa al-Iqd al-farid. Abu al-Faraj al-Isfahani (897–967) aliandika kitabu kizima juu ya wajakazi washairi. Na mwisho kabisa wa kipindi tunachokizungumzia, al-Suyuti wa Cairo (1445–1505) alikusanya mashairi ya wanawake katika kitabu kidogo cha pekee. Yaonekana basi kwamba kwa muda wa zaidi ya miaka mia sita, kutoka Baghdad hadi Hispania na Misri, maneno ya wanawake yalihesabiwa kuwa mali inayostahili kutunzwa.

3. Mbele ya Khalifa

Mifano iliyo mashuhuri kuliko yote inahusu vita baina ya Ali na Muawiya. Majeshi yao yalipambana Siffin mwaka 657. Ali aliuawa Kufa mwaka 661, na Muawiya akatawala akiwa khalifa huko Dameski hadi mwaka 680. Baadhi ya wanawake wa makabila ya Iraki walikuwa wamesimama Siffin wakiwatia moyo wapiganaji wa Ali. Miaka ilipopita wanawake hao, sasa wakiwa wazee, walifika mbele ya mshindi. Wengine waliitwa, wengine walikwenda wenyewe wakiwa na shida zao.

Mmoja wao ni Sauda binti Umara wa kabila la Hamdan. Alikwenda Dameski kumshtaki Busr ibn Artat, jemadari wa Muawiya aliyewaua watu wa kwao na kunyang'anya mali. Khalifa alianza kwa kumkumbusha maneno aliyoyasema Siffin, kisha akamtishia kwamba atamrudisha kwa huyo huyo Busr ili amhukumu apendavyo. Sauda hakubishana juu ya tishio hilo. Alimsifu mtu aliyekwisha kufa, na Khalifa alipouliza ni nani huyo, akamtaja Ali, kisha akasimulia kisa. Alisema kwamba zamani alikwenda kwa Ali kumshtaki mtoza kodi aliyewadhulumu. Alimkuta amesimama katika sala. Ali aliiacha sala yake, akamuuliza kwa upole kama ana haja. Alipoisikia habari ile alilia, akamwambia Mungu kwamba hakuwatuma watumishi wake wawadhulumu watu, na papo hapo akaandika juu ya kipande cha ngozi amri ya kumwondoa mtoza kodi yule.

Hadithi ilikwisha hapo. Hakuongeza neno la kuifafanua. Muawiya alielewa mara moja kwamba amepewa kioo ajitazame. Akaamuru Sauda aandikiwe barua ya kurudishiwa mali yake. Ndipo mwanamke yule akauliza swali ambalo kwa maoni yetu ndilo kilele cha kisa chote: je, barua hiyo ni yake peke yake, au ni ya watu wake wote? Khalifa akamuuliza wengine wanamhusu nini. Sauda akajibu kwamba haki ikiwa ya mtu mmoja na wenzake wakabaki katika dhuluma, basi ni aibu. Kama haiwezi kuwa haki ya wote, naye atavumilia pamoja nao. Muawiya alilalamika kwamba Ali aliwazoesha watu wa Iraki kuwa na ujasiri mbele ya watawala, kisha akaamuru barua iandikwe kwa ajili ya wote.

Mfano wa pili una ucheshi zaidi. Muawiya alipokuwa katika hija Makka aliulizia habari za mwanamke aliyeitwa Darimiyya, aliyekaa mahali paitwapo al-Hajun. Alikuwa mtu mweusi na mnene. Alipoletwa, Khalifa alimsalimu kwa dhihaka akimwita binti Hamu. Darimiyya alijibu kwamba ikiwa anakusudia kumtukana, yeye si wa Hamu. Yeye ni mwanamke wa Banu Kinana. Akaulizwa kwa nini alimpenda Ali na kumchukia Muawiya. Aliomba asamehewe kujibu, akakataliwa. Basi akasema wazi kwamba alimpenda Ali kwa kuwa aliwatendea raia haki na kugawanya mali sawasawa, na kwamba Muawiya alimchukia kwa kuwa alipigana na mtu aliyestahili utawala kuliko yeye. Khalifa, akiwa ameshindwa hoja, akaingia katika mzaha juu ya mwili wake: akasema kumbe ndiyo sababu tumbo lake limevimba na matiti yake yamekuwa makubwa. Darimiyya akamrudishia kwamba katika mambo hayo mtu aliyekuwa akitolewa mfano na watu ni Hind, yaani mama yake Muawiya mwenyewe. Khalifa akarudi nyuma haraka, akaeleza kwamba alikusudia sifa njema tu, maana mwanamke wa namna hiyo huzaa na kunyonyesha watoto wenye afya.

Baada ya hapo aliulizwa haja yake. Akaomba ngamia jike mia moja wekundu, pamoja na dume lao na mchungaji wao. Atawafanyia nini? Akasema atawalisha watoto kwa maziwa yao, atawatunza wazee, na kwa ngamia hao atapatanisha makabila yenye ugomvi. Muawiya akauliza kama akimpa atapata kwake nafasi aliyokuwa nayo Ali. Akajibu kwamba hata kidogo. Atakuwa chini yake. Khalifa akampa, lakini akaongeza kwamba kama Ali angalikuwa hai asingalimpa hata ngamia mmoja. Darimiyya akakubali mara moja: ni kweli, asingalimpa hata unywele mmoja kutoka mali ya Waislamu. Kwa jibu hilo zawadi yenyewe iligeuka kuwa ushahidi dhidi ya mtoaji, maana mali ya watu wote haikuwa yake ya kugawa.

Yatupasa kusimama kidogo juu ya tusi lile la binti Hamu, kwa kuwa linatugusa sisi Waafrika. Simulizi la Mwanzo 9:20–27 halina laana juu ya Hamu. Aliyelaaniwa pale ni Kanaani, na rangi ya ngozi haitajwi kabisa. Hata hivyo Wayahudi, Wakristo na Waislamu wamekuwa na watu walioligeuza simulizi hilo kuwa sababu ya kuwadharau na kuwatumikisha watu weusi. Miongoni mwa waandishi wa Kiarabu wako waliolipinga jambo hilo. Al-Jahiz aliandika risala juu ya fahari za watu weusi, na Ibn Khaldun (1332–1406) alikataa waziwazi dai la kwamba weusi umetokana na laana ya Hamu. Lakini Darimiyya hakufika huko. Alilikwepa tusi kwa kujitenga na wale waliokuwa wakitukanwa. Jibu lake lilikuwa kali, na lilimsaidia yeye. Wana wa Hamu waliachwa pale pale walipokuwa. Tukimlinganisha na Sauda aliyekataa barua ya peke yake, tunaona kwamba hata ulimi mwepesi una mipaka yake.

4. Mimbari na Mlango

Masimulizi mengine yanahusu wahubiri na viongozi wa dini. Wafasiri wa Kurani, akiwamo Ibn Kathir wa Dameski aliyefariki mwaka 1373, wanasimulia kwamba Khalifa Umar, aliyetawala mwaka 634 hadi 644, alipanda mimbari akatangaza kiwango cha juu cha mahari ambacho hakuna atakayeruhusiwa kukipita. Aliposhuka, mwanamke mmoja alimzuia na kumuuliza kama hajasikia neno la Mungu katika Sura ya Nne, aya ya 20, ambayo inamkataza mume kuchukua tena alichompa mke hata kama alimpa mali nyingi. Ikiwa Mungu ametaja mali nyingi kuwa haki ya mke, khalifa anaipunguza kwa mamlaka gani? Umar alikiri kwamba mwanamke amesema kweli na yeye amekosa, akarudi mimbarini na kuifuta amri yake. Jina la mwanamke yule halikuhifadhiwa. Wanazuoni wa Hadithi wamebishana juu ya nguvu ya mapokeo haya, lakini yamesimuliwa mara nyingi mno, na kila yanaposimuliwa yanamwonyesha mhubiri akisahihishwa kwa Maandiko na mtu aliyekuwa chini akimsikiliza.

Rabia al-Adawiyya wa Basra, aliyefariki mwaka 801, anajulikana zaidi kwa mafundisho yake juu ya kumpenda Mungu bila kutafuta malipo. Lakini wale waliohifadhi habari zake walimkumbuka pia kuwa mtu wa majibu. Al-Qushayri wa Nishapur, aliyefariki mwaka 1072, anasimulia juu ya Salih al-Murri, mhubiri wa Basra aliyependa kurudia kwamba anayedumu kubisha mlangoni hana budi kufunguliwa siku moja. Rabia alimuuliza ataendelea kusema hivyo hadi lini. Mlango huo ulifungwa lini hata uhitaji kufunguliwa? Salih hakukasirika. Alikiri kwamba yeye ni mzee asiyejua, na huyu ni mwanamke anayejua.

Msomaji wa Mathayo 7:7 ataona upesi jinsi mahubiri ya Salih yanavyofanana na mahubiri yetu wenyewe. Rabia hakusema kwamba kuomba ni bure. Aliuliza juu ya sura ya Mungu iliyojificha ndani ya mahubiri yale: Mungu aliyejifungia, anayesubiri binadamu achoke kubisha. Theolojia nzima ya rehema imeingia katika swali moja fupi, na swali hilo lina ucheshi ndani yake, kwa kuwa anayebisha kwa nguvu mlango ulio wazi huchekesha.

5. Ucheshi wa Nyumbani

Haifai tudhani kwamba ucheshi wote ulikuwa wa kuwajibu wakuu. Katika Kitabu cha Wabahili, al-Jahiz anasimulia juu ya Muadha al-Anbariyya, mjane aliyeletewa kondoo wa sikukuu na jamaa yake. Badala ya kufurahi alionekana mwenye huzuni. Alipoulizwa, alieleza kwamba waliojua kutumia nyama ya sikukuu ipasavyo wamekwisha kufa, naye anaogopa kupoteza hata sehemu ndogo ya kondoo yule. Ndipo akaanza kuhesabu: pembe itakuwa ndoano ya kutundikia vitu, matumbo yatakuwa nyuzi, mifupa itachemshwa ili mafuta yake yatumike jikoni na katika taa, kisha mifupa yenyewe itakuwa kuni, ngozi itakuwa mfuko, na hata samadi itawashwa moto. Ilibaki damu tu. Alijua kwamba sheria imeharimisha kula damu, ila haikukataza kuitumia kwa namna nyingine. Lakini namna hiyo hakuijua, na jambo hilo lilimkaa moyoni kama mwiba. Baadaye alionekana akitabasamu. Alikuwa amekumbuka kwamba anavyo vyungu vipya kutoka Shamu, na kwamba vyungu hivyo hupata nguvu vikipakwa damu ya moto.

Msomaji anacheka, naye al-Jahiz alikusudia acheke. Lakini ucheshi huu una uzito wake. Muadha anazungumza kama mwanasheria: anapambanua kilichokatazwa na kisichokatazwa, anapanga hoja zake kwa utaratibu, na anaona kuwa kila kitu kilichoumbwa kina kazi yake. Ni mjane asiye na mtu wa kumtegemea. Mtu aliyeshiba humwita bahili. Mjane mwenzake angemwita mwenye busara. Al-Jahiz haamui baina ya majina hayo mawili, na kwa kutoamua anamlazimisha msomaji afikiri.

Hali kadhalika, kisa kimoja kinachosimuliwa juu ya al-Jahiz mwenyewe kinamgeuzia yeye kicheko. Alikuwa na sura mbaya, na hata jina lake la utani lina maana ya mwenye macho yaliyotokeza. Inasemekana mwanamke mmoja alimwomba afuatane naye, akampeleka kwa sonara, akasema maneno machache tu, kwamba kitu kiwe kama huyu, kisha akaenda zake. Al-Jahiz alipouliza, sonara alimweleza kwa aibu kwamba mwanamke yule alitaka achorewe shetani juu ya kito cha pete, naye alimjibu kwamba hajapata kumwona shetani. Masimulizi yanamfanya al-Jahiz mwenyewe kuwa msimulizi wa kisa hicho. Mtu aliyewacheka wengine maisha yake yote alipaswa kukubali kuchekwa.

6. Ulimi wa Mjakazi

Tungekuwa tunawadanganya wasomaji wetu kama tungeishia hapo. Wengi wa wanawake waliosifiwa kwa ushairi huko Baghdad katika karne ya tisa walikuwa watumwa. Wafanyabiashara waliwafundisha wasichana kuimba, kupiga udi na kutunga beti papo hapo, kwa sababu mjakazi mwenye elimu hiyo aliuzwa kwa bei kubwa. Kwa hiyo ufasaha ambao kwa Sauda ulikuwa silaha, kwa hao ulikuwa pia sehemu ya bei yao sokoni.

Mashuhuri kati yao ni Inan, mjakazi wa mtu aliyeitwa al-Natifi. Washairi wakubwa wa mji, akiwamo Abu Nuwas, walikuja kushindana naye. Inasimuliwa kwamba siku moja mshairi alifika akamkuta bwana wake amempiga kwa mjeledi, naye analia. Mgeni alitunga ubeti wa kuyafananisha machozi yake na lulu zinazochopoka kutoka uzi wake. Inan, kwa vina na mizani ile ile, aliukamilisha kwa kuomba kwamba mkono wa mwenye kumpiga kwa dhuluma ukauke juu ya mjeledi wake. Mshairi aliona uzuri wa machozi. Inan alitaja aliyeyasababisha. Hatuujui mfano mwingine unaoonyesha wazi zaidi tofauti kati ya maneno mazuri na neno lililofika. Hata hivyo ubeti ule haukumfungua utumwani, na walioukariri kwa karne nyingi waliukariri kama burudani.

7. Je, Ni Maneno Yao Wenyewe?

Mwanafunzi aliyejifunza uhakiki wa Biblia atakuwa amekwisha kuuliza swali hili. Wakusanyaji wote tuliowataja ni wanaume. Kati ya tukio na kitabu mara nyingi umepita muda wa zaidi ya karne mbili. Tena majibu mengine yanahama kutoka mdomo mmoja hadi mwingine. Kwa mfano, inasimuliwa kwamba Khalifa Abd al-Malik, aliyetawala mwaka 685 hadi 705, alimuuliza mshairi Layla al-Akhyaliyya katika uzee wake, marehemu Tauba aliona nini kwake hata akampenda vile. Layla akajibu kwamba aliona kwake kile ambacho watu walikiona kwa Abd al-Malik walipomfanya khalifa. Jibu hilo hilo katika vitabu vingine ni la Buthaina, mpenzi wa mshairi Jamil. Vivyo hivyo, hadithi zinazomkutanisha Rabia na mhubiri Hasan al-Basri kama watu wazima wenye umri unaolingana haziwezi kuwa historia, kwa kuwa Hasan alifariki mwaka 728, Rabia akiwa bado mtoto.

Aidha, kuna makusudi ya kisiasa. Katika vinywa vya wanawake wa Siffin, sifa za Ali zingeweza kusemwa hata mahali ambapo kuzisema ilikuwa hatari. Kwa upande mwingine, masimulizi hayo hayo yanamsifu Muawiya kwa uvumilivu aliokuwa maarufu kwao, yaani hilm: ni mtawala anayechomwa kwa maneno asikasirike. Pande zote mbili zilikuwa na sababu ya kuyasimulia. Wakusanyaji wenyewe walilijua tatizo hili. Ibn Abi Tahir anataja kwamba wako waliodai kuwa hotuba ya Fatima ilitungwa na mtu wa zama zake aitwaye Abu al-Ayna, na anaandika pia jibu la ukoo wa Ali kwamba wao waliipokea kutoka kwa wazee wao na kuwafundisha watoto wao kabla mtu huyo hajazaliwa.

Tuseme basi kwamba hatuwezi kuthibitisha kila neno. Lakini hadithi haiishi kwa karne nyingi kama wasikilizaji wanaona haiwezekani. Watu wa Basra, Baghdad na Cordoba waliyasikia maneno haya, wakakubali kwamba mwanamke huweza kusema hivyo. Hilo lenyewe ni ushahidi wa kihistoria. Nasi tunaosoma juu ya mwanamke wa Tekoa mbele ya Daudi (2 Samweli 14), juu ya Abigaili (1 Samweli 25), na juu ya mwanamke Mkanaani aliyeligeuza neno la makombo kuwa hoja yake (Mathayo 15:21–28), tunaitambua sura hii ya masimulizi. Martin Luther, katika mahubiri yake juu ya mwanamke huyo Mkanaani, alifurahia jinsi alivyomshika Kristo kwa maneno yake mwenyewe. Mwanazuoni wa Baghdad angeuelewa uchangamfu huo bila kuelezwa.

8. Hitimisho

Tumeona kwamba katika fasihi ya Kiarabu ya Zama za Kati wanawake wa hali mbalimbali, wajane, watawa, wajakazi na wakuu wa ukoo, wanatokea wakisema maneno yaliyofika. Njia zao zinafanana. Hulishika neno la mwenye nguvu na kumrudishia. Humwekea mfano badala ya kumtukana. Hutumia Maandiko anayoyakiri mwenyewe. Na huingiza kicheko mahali ambapo hasira ingelifunga sikio. Njia hizo zilihitaji pia msikilizaji. Umar alirudi mimbarini, Salih alikiri kutojua, Muawiya aliandika barua. Kama hawa wangekataa kusikia, ufasaha wote ule ungepotea hewani, kama ulivyopotea kwa sehemu kubwa ubeti wa Inan.

Kwa mwalimu wa historia ya Uislamu, faida ya somo hili ni kwamba atawafundisha wanafunzi wake kuwasoma jirani zetu kwa vitabu vyao wenyewe kabla ya kuwahukumu kwa picha za kurithi. Kwa mhubiri, faida yake iko karibu zaidi. Katika kila usharika wako watu wasiopewa nafasi ya kupanda mimbarini, ambao hata hivyo wanalo neno. Mara nyingi neno hilo huja likiwa limevikwa utani, nasi hulicheka na kulisahau. Yatupasa kuuliza utani huo unambeba nani.

Na kwa kila mmoja wetu aliyejaliwa ulimi mwepesi, swali la Sauda binti Umara linabaki. Alikuwa amekwisha kushinda. Barua ilikuwa tayari kuandikwa, mali yake ilikuwa inarudi. Angeweza kushukuru na kwenda zake. Yeye alisimama akauliza kama barua ile ni yake peke yake, au ni ya watu wake wote.